Mapigo Manne ya Kimya

Sabatino Cacace alinyamaza na mandolini yake mapigo manne, kama karatasi ya muziki ilivyomwamuru, na ndani ya kimya hicho mandolini nyingine ikapiga.

Haikupiga kwa nguvu. Ilikuwa milio michache tu, laini, ikitokea nyuma ya duka, kule alikoweka taulo chafu, penye kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao. Sabatino aligeuza shingo. Duka lake la kinyozi lilikuwa tupu na milango imefungwa, maana ilikuwa saa ile baada ya chakula cha mchana ambayo Napoli nzima hulala, mbwa kwa mapadri, na mama humkataza mwanawe asitie mguu uchochoroni kwa kuwa jua la utosi lina wenyewe. Mwenye akili zake hapigi ala saa hiyo. Lakini Sabatino angefanyaje? Asubuhi ana ndevu za watu, jioni ana ndevu za watu.

"Nyuzi husikilizana," alijinong'oneza. Kinyozi yeyote anajua kwamba ukipiga mandolini, gitaa lililotundikwa karibu nawe hulia kidogo. Akalitazama gitaa lake ukutani. Halikuwa na uzi hata mmoja tangu wakati wa vita.

Akacheka kicheko cha woga, akaendelea kusoma.

Sasa, mpaka mtu mzima wa miaka arobaini na kitu ajifungie dukani na karatasi ya noti, ujue ameaibishwa vilivyo. Sabatino alikuwa kinyozi mwana wa kinyozi, na katika mtaa wa Vergini kinyozi bila mandolini si kinyozi. Wateja wakingoja zamu, yeye hupiga. Babake alimfundisha kwa sikio, kama naye alivyofundishwa, akamwachia sheria moja tu: mkono usipumzike. Wimbo ukifika mahali pa kuvuta pumzi, jaza. Tetemesha uzi, tia mapambo, gonga ubao kwa kucha, piga hata chafya, lakini usiache pengo. Sabatino hakuwahi kuuliza kwa nini. Alidhani ni ujanja wa biashara, mteja asije akachoka kusubiri akaenda zake.

Siku moja akajipeleka kwenye Chama cha Mandolini cha mtaa, watu wa tai shingoni. Wakamwekea karatasi mbele yake wakamwambia apige. Akaikazia macho kwa heshima zote, akapiga wimbo ule ambao kila mtu Napoli anaujua, akaupiga mpaka mama mmoja akafuta machozi. Alipomaliza ukumbi mzima uliangua kicheko. Karatasi ilikuwa juu chini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Kichwachini. Muuza samaki alikuwa akiingia dukani na kusema, "Kichwachini, ninyoe, lakini usianzie miguuni!" Hata padri alimwita hivyo, tena kwa upendo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ndipo akaenda kwa Maestro Ermete Pellecchia, mzee aliyekiongoza chama hicho, akamwomba amfundishe kusoma noti. Maestro alikubali, lakini hakumruhusu kugusa ala. Kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi hufunga, Sabatino aliketi kwenye kiti kigumu akipiga goti lake kwa kiganja na kutamka noti kwa sauti, do, mi, sol, la, majira yote ya baridi, mpaka Titina mkewe akauliza kama anasomea muziki au upadri.

"Hii ni noti gani, inayoning'inia chini ya mistari yote?"

"Sol, Maestro. Uzi mnene kabisa."

"Safi. Na hii hapa, iliyojishikiza chini ya mstari?"

"Kofia."

"Kofia ya nani, Don Sabatino?"

"Ya... ya mtu aliyetoka kidogo?"

"Ni pumziko! Mapigo manne. Unafanya nini hapo?"

"Natetemesha kidogo, kujazia."

"Hujazii kitu! Unakaa kimya. Kimya nacho kimeandikwa, na aliyekiandika alijua kazi yake. Ninyi vinyozi mnaogopa kimya kama paka anavyoogopa maji."

Sabatino aliona aibu, akajirekebisha. Na siku noti zilipokubali hatimaye, jicho likiona na kidole kikienda chenyewe, alirudi nyumbani akimsomea Titina kila kitu, vibao vya maduka, gazeti, mpaka noti zilizochapwa kwenye kopo la biskuti. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeanza kutembea. Maestro akampa karatasi ya mandolini ya pili ya wimbo mpya, ule ambao chama kingeupiga kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mtaa. Mandolini ya pili kazi yake ni kungoja ya kwanza iseme, kwa hiyo karatasi yake ilijaa kofia.

Na ndani ya kofia hizo ndimo ile nyingine ilimojibu.

Siku ya pili ilijibu tena. Siku ya tatu ilijibu kwa muda mrefu zaidi, na ilikuwa tamu, Mungu amsamehe, tamu kuliko chochote alichowahi kukisikia. Akawa anamaliza kula upesi, anaacha maharage sahanini, anashuka dukani kabla Titina hajamenya chungwa. Woga ulikuwepo, sisemi haukuwepo, lakini alijipa moyo kwamba akili yake yenyewe ndiyo imejifunza kuimba sehemu ya mandolini ya kwanza, ile ambayo hajawahi kuiona. Tena alikuwa akisoma vizuri zaidi kila siku. Jicho lake lilikimbia mbele, kana kwamba mtu alikuwa amemshika kidevu na kumwonyesha.

Jumatatu moja akamwomba Maestro ampigie hiyo sehemu ya kwanza. Maestro akaipiga. Ilikuwa nzuri ya kawaida, ya kuchezea dansi. Haikufanana hata kidogo na ile ya dukani.

"Umekuwa mweupe, Don Sabatino. Umekula?"

"Nimekula, Maestro."

"Basi rudi mwanzo, tupige pamoja. Na heshimu kofia."

Pale kwa Maestro, dirisha likiwa wazi na wauza mboga wakipiga kelele chini, hakuna kilichojibu. Mandolini ya masomo ilikuwa ya Maestro. Ya Sabatino ilikuwa dukani, imelala karibu na kisima.

Ni Titina aliyeuona mkono kwanza. Walikuwa mezani. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akaweka uma chini.

"Sabatino. Acha."

"Niache nini?"

"Huo mkono."

Akautazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kando ya sahani na ulikuwa ukitetemeka, si kutetemeka kwa homa wala kwa uzee, bali kwa kipimo, haraka na sawasawa, jinsi mpiga mandolini anavyotetemesha kigamba chake cha kupigia juu ya uzi ili noti ndefu isife. Ulitetemeka mapigo manne ukatulia. Kisha ukaanza tena.

"Hata usiku unafanya hivyo," Titina alisema kwa sauti ya chini. "Na kitanda kinanuka, mume wangu. Kinanuka jiwe bichi, na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nimefua shuka. Harufu si ya shuka."

"Ni uchovu tu."

"Uchovu wa mkono wa kinyozi? Unajua unachosema? Mkono huo ndio tambi zetu, ndio kodi, ndio kila kitu!"

Alijua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, akaenda tena dukani.

Hazikupita siku nyingi, Don Liborio muuza samaki akaja kunyolewa. Alikuwa amelala kitini, povu mpaka masikioni, akisimulia habari za shemeji yake, na Sabatino alikuwa ameuweka wembe chini ya taya. Don Liborio akanyamaza kumeza mate. Kikawa kimya kifupi tu, cha mtu kumeza mate, na mkono ukaanza. Sabatino alijaribu kuurudisha nyuma ukakataa, akaushika kwa mkono wa kushoto, wembe ukawa unatetemeka juu ya ngozi ya koo la mtu mwenye watoto sita, na kutoka nyuma kule ilikuja milio laini, mitamu, ikingoja, na povu jeupe likaanza kuwa la waridi.

Don Liborio aliruka kitini. "Kichwachini! Unataka kunichinja?"

Ulikuwa mkwaruzo tu. Lakini mtaa wa Vergini ukisikia mkwaruzo husimulia jeneza, na kufikia Jumamosi benchi la wateja lilikuwa tupu.

Titina hakuomba ruhusa. Alimshika mumewe sikio, kwa kweli alimshika sikio, akampeleka kwa Bibi Rafela, mama mmoja aliyeishi juu ya duka la mkate na aliyetoa husuda kwa sahani ya maji na matone ya mafuta. Bibi Rafela alidondosha mafuta. Husuda ikiwepo, matone hutawanyika, isipokuwepo hukaa. Haya hayakutawanyika wala hayakukaa. Yalianza kutetemeka, sahani ikiwa imetulia mezani.

Bibi Rafela aliimwaga sahani dirishani bila kutazama nani anapita chini.

"Hii si husuda," akasema. "Husuda ningekutolea sasa hivi ukaenda kunywa kahawa yako. Huyu ametoka kisimani."

"Mtawa Mdogo, yule pepo wa visimani?" Titina aliuliza huku akifanya ishara ya msalaba.

"Mtawa Mdogo ni wa kuficha viatu na kufinya mashavu ya watoto. Huyu ni mwingine, sijui jina lake, na wewe usilitafute. Sabatino, babako alikaa na kisima hicho maisha yake yote, na babake pia. Uliwahi kuwasikia wamenyamaza?"

Sabatino alifikiri. Alimkumbuka babake akipiga, akiimba, akisengenya, akipiga mluzi hata akiwa peke yake anafagia nywele.

"Kamwe," akajibu.

"Basi. Kisima kile kina masikio, nao walikuwa wakiziba. Wewe ukaenda ukamkaribisha kwa ratiba! Kila siku saa ileile unakaa kimya kwa adabu, mapigo manne, mapigo manne. Nani asingeingia? Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu."

"Nifanyeje?"

"Nenda saa ileile, piga karatasi ileile, na kila penye kimya, jaza. Jaza na upuuzi wowote. Atakusukuma, atakubembeleza. Usimpe nafasi. Fanya hivyo mpaka siku utakayomaliza na ukasikia kimya cha kawaida, cha nzi na bomba linalovuja. Na mandolini hiyo isivuke kizingiti mpaka siku hiyo. Ukiitoa, unatoka naye."

Akaenda. Alifunga milango, akaketi na mgongo wake ukutani ili aone kisima, akaanza, na ilipofika kofia ya kwanza akajaza kwa mapambo ya kinyozi, yale ya zamani, ya babake, na mara mbao za kisima zikagongwa kutoka chini, mara moja, kwa upole, kama mgeni anayejua kwamba yuko mtu ndani. Akaendelea. Kofia ya pili akajaza, ya tatu akajaza, na harufu ya jiwe bichi ikapanda mpaka ikafunika ile ya sabuni na manukato, na joto la mchana likatoka dukani likamwacha na baridi miguuni, na kwenye kioo kikubwa cha wateja akajiona ameketi, na nyuma yake, mahali ambapo mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta na pasingeweza kupita hata karatasi, palikuwa na mtu mwingine ameketi vilevile, kichwa kimeinamia ala, mkono wa kulia ukiwa juu ya uzi, umetulia, ukingoja, na Sabatino alilia machozi huku akipiga, akajaza na kujaza, akaimba kwa sauti majina ya wateja wake wote na majina ya samaki wote wa Don Liborio, mpaka saa za watu kuamka zikafika na mtu akafungua dirisha juu.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Sura ile ilififia. Kugonga kukawa hafifu. Kila alipomaliza alisikiliza. Kimya kilikuwa bado kizito, lakini kilianza kupungua, na mkono mezani ulitulia mpaka wakala tambi na maharage bila kuutazama.

Siku moja kabla ya sikukuu, Maestro Pellecchia akaja dukani mwenyewe, kofia mkononi.

"Don Sabatino, mtu wangu wa mandolini ya pili amevunjika kidole. Wewe unaijua sehemu yake. Kesho kiti ni chako."

Titina alisubiri mpaka mzee atoke. "Hapana," akasema.

"Titina..."

"Hapana! Umesikia kimya cha kawaida? Niambie umekisikia."

"Karibu."

"Karibu si kufika."

"Wewe hujawahi kuitwa Kichwachini na padri!" alipaza sauti. "Kesho mtaa mzima utaniona nimekaa na watu wanaosoma. Mara moja tu. Kisha nitarudi nijaze mpaka nife."

"Basi azima mandolini nyingine."

Hapo Titina alikuwa na haki, na Sabatino alijua ana haki. Lakini nani wa kumwazima kinyozi mandolini usiku wa kuamkia sikukuu, wakati kila ala ya mtaa ina mwenyewe na kila mwenyewe ana kazi? Akatoka nayo asubuhi, kwapani, ndani ya taulo. Titina alibaki mlangoni akilia.

Walikaa uani mwa jumba la zamani, safu mbili za viti, mashati meupe, mtaa mzima umejaa mpaka kwenye ngazi. Sabatino alisoma. Alisoma kweli, jicho kwenye karatasi, karatasi ikiwa wima sawasawa, na fahari ilimjaa kifuani hata akasahau kuogopa. Kwenye kofia ndogondogo aliutetemesha uzi kwa ncha ya kidole, kidogo sana, asisikike na jirani yake.

Lakini karibu na mwisho palikuwa na kofia moja yenye jicho juu yake. Hapo wapigaji wote hunyamaza pamoja, na kimya hakina kipimo, hudumu mpaka mkono wa Maestro ushuke. Alipouona mstari huo unakuja, baridi ikampanda miguuni. Harufu ya jiwe bichi ikatoka ndani ya mandolini, kwenye ule mdomo wake wa duara, na mkono wake wa kulia ukaanza kuwa si wake. Akajua kwamba akinyamaza hapa, mbele ya watu hawa, hatakuwa Kichwachini tena maishani, na hatashika wembe tena maishani.

Maestro akainua mkono. Ala zote zikanyamaza. Ua mzima ukashusha pumzi.

Sabatino akajaza. Alitwanga nyuzi zote kwa wimbo wa dukani, ule wa kusubirishia wateja, akagonga ubao kwa kucha, akapiga mluzi, akiwa peke yake katikati ya kimya kitukufu cha chama. Kwanza watu walishangaa, kisha mtu juu ya ngazi akapiga kelele, "Kichwachiniii!" na kicheko kikaporomoka ghorofa hadi ghorofa. Uso wa Maestro ulikuwa kama chokaa. Lakini mkono, mkono ulikuwa umerudi, mwepesi, wa kwake, na alicheka pamoja nao huku machozi yakimtoka. Ni pale tu alipoacha kupiga ndipo alipogundua kwamba wenzake, kwa nidhamu, walikuwa bado wameketi kimya kama kilivyoandikwa, kigamba juu ya uzi, wakingoja mkono wa Maestro. Na Maestro hakuushusha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kitu.

Usiku ule Sabatino alilala usingizi mzito. Asubuhi alifungua duka, nyuma ya duka kulinuka sabuni tu, na kisima kilikuwa na kimya cha nzi na bomba linalovuja. Akataka kupanda ngazi amwite Titina asikie. Kivuli kikaziba mlango.

Alikuwa Maestro, ndevu hazijanyolewa, ana mikato miwili kidevuni. Mkono wa kulia aliuficha kotini.

"Maestro, kuhusu jana, naomba radhi..."

"Ninyoe," Maestro alisema. "Nimejaribu mwenyewe, imenishinda."

Nyuma yake aliingia mpiga mandolini ya kwanza. Kisha wa gitaa. Waliingia mmojammoja, wote na vidonda vibichi usoni, mikono mifukoni, wakajaza benchi ambalo lilikuwa tupu wiki nzima, na waliokosa nafasi wakasimama ukutani. Mifuko yao yote ilikuwa ikitikisika, kwa kipimo kimoja.

Sabatino alimlaza Maestro, akampaka povu, akaweka wembe chini ya taya. Mkono wake ulikuwa imara kabisa. Akaanza kuzungumza haraka, habari za sikukuu, za jua, za shemeji wa Don Liborio, akiogopa hata kuvuta pumzi.

Maestro akafumbua macho. Alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu mwenye furaha kubwa.

"Don Sabatino," alinong'ona, "nyamaza kidogo. Inakuja sehemu nzuri."

Na wote waliokuwa kwenye benchi na ukutani wakatoa mikono mifukoni na kuweka vidole midomoni, vidole vinavyotetemeka, wakimtazama kinyozi kwa kusihi. Sabatino alifungua kinywa aseme neno, neno lolote lile, na hakulipata.